Meno na Janga la Maambukizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa na ndugu zao wamekuwa wakiyarudia dirishani, kwenye simu na wakiwa wameketi kwenye kiti cha meno tangu UVIKO-19 ilipoingia mwaka 2020, na mengine yameibuka upya kila uliposikika mlipuko mwingine wa ugonjwa. Yanaanzia mambo ya msingi hadi hali za nadra. Pale ambapo jibu moja linaegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini kliniki za meno zilikuwa miongoni mwa huduma za kwanza kupunguzwa mwaka 2020?

Sababu ni namna kazi yenyewe inavyofanyika. Daktari wa meno huinama sentimita chache kutoka kinywani mwa mtu ambaye, kwa wakati ule, hawezi kuvaa barakoa. Vifaa vyake vitatu vya kila siku, yaani mashine ya kuchongea jino, mashine ya mtetemo ya kuondolea ukoga mgumu na bomba la maji na hewa, vyote hurusha ukungu wa maji uliochanganyika na mate. Mashine ya kuchongea huzunguka mara laki kadhaa kwa dakika na ni lazima imwagiliwe maji muda wote ili jino lisiungue. Maji hayo yakigonga ncha inayozunguka hupasuka kuwa matone, mengine madogo kiasi cha kubaki hewani baada ya mgonjwa kuondoka. Virusi vya korona hupatikana kwenye mate, na mtu huweza kuvitoa kabla hajaona dalili yoyote, hivyo kumuuliza mgonjwa kama anakohoa kulikuwa hakutoshi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliwashauri madaktari waahirishe kazi zote zisizo za dharura kwa wiki tatu, na tarehe 25 Machi huduma za kawaida za meno zilisimamishwa England nzima, zikarejea kwa taratibu kuanzia tarehe 8 Juni. Mwezi Agosti WHO ilitoa mwongozo ulioshauri huduma za kawaida zisogezwe mbele mahali ambapo maambukizi yalikuwa yameenea katika jamii, na chama kilekile cha Marekani, ambacho miezi mitano kabla kilikuwa mstari wa mbele kuahirisha, kikaupinga hadharani kikisema kwamba huduma ya kinywa ni sehemu ya lazima ya afya. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja: Machi hapakuwa na barakoa za kutosha wala uelewa wa ugonjwa, ilhali kufikia Agosti kliniki zilikuwa zimejifunza kujikinga na meno yaliyosubiri yalikuwa yameanza kuoza kwa kasi yake.

2. Mahudhurio yalishuka kiasi gani?

Marekani, ambako hesabu zilifanywa wiki kwa wiki, katika wiki ya tarehe 23 Machi 2020 asilimia 76 ya kliniki zilizoulizwa zilikuwa zinapokea wagonjwa wa dharura tu, na asilimia 19 zilikuwa zimefunga kabisa. Zilizobaki, kliniki 5 katika kila 100, zilikuwa wazi zikiwa na wagonjwa wachache kuliko kawaida.

Hata hivyo, kufunguliwa kwa mlango hakukumrudisha mgonjwa siku hiyohiyo. Watu walikuwa wameogopa, wengine walikuwa wamepoteza kazi na pamoja nayo bima, na kliniki zenyewe zilikuwa haziwezi tena kupokea idadi ileile kwa siku, kwa sababu inayoelezwa katika swali la 10.

3. Je, Afrika Mashariki hali ilikuwa hiyohiyo?

Chanzo cha watu kukosa huduma kilitofautiana nchi kwa nchi. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020 na kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huo, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ikaendelea kwa saa zilizobadilishwa hadi Oktoba 2021. Mapema Aprili ilizuiwa safari ya kuingia na kutoka eneo la Nairobi, hivyo mtu wa Nyeri au Nakuru aliyekuwa akija Nairobi kukazwa vyuma vya kunyoosha meno kila mwezi alikatwa katikati ya matibabu. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma tarehe 25 Machi na magari binafsi siku tano baadaye, na aliyehitaji kusafiri kwa ajili ya matibabu ya dharura alitakiwa kupata ruhusa ya mkuu wa wilaya. Mama mwenye uchungu wa kujifungua anaeleweka haraka mbele ya ofisa kama huyo. Mwenye jino lililomkosesha usingizi naye hujikuta akijieleza mara mbili.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi, shule zikafungwa, lakini haikuweka kafyu wala kuzuia watu kutoka majumbani. Kwa hiyo aliyekosa kwenda kliniki hapa hakuzuiwa na amri, isipokuwa alizuiwa na hofu ya hospitali, nauli, au kuambiwa na jirani kwamba ukienda na homa ya jino utahesabiwa mgonjwa wa korona. Hofu hiyo ya mwisho niliisikia mara nyingi kuliko zote.

Jambo moja lilifanana katika nchi zote tatu: hata kabla ya janga, wengi wetu huenda kwa daktari wa meno jino likishauma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta fizi zikitoka damu kwa takriban watu wazima 98 katika kila 100, na ni wachache kati yao wanaoliona hilo kuwa sababu ya kumwona daktari. Janga halikuleta tabia hiyo, liliipa kisingizio.

4. Jino langu lina tundu dogo lakini haliumi. Kuna ubaya gani nikisubiri janga lipite?

Ubaya ni kwamba kutouma hakumaanishi kwamba jino limetulia. Ganda la nje la jino halina hisia, na uozo hulipita kimyakimya; ukifika tabaka la pili, ambalo ni laini zaidi, huenea pembeni chini ya tundu ambalo kwa nje bado ni dogo kama kichwa cha pini. Maumivu ya kweli huja uozo unapokikaribia kiini chenye mshipa wa fahamu na damu. Kiini kikifa, maumivu hukoma ghafla, mgonjwa hushukuru, na usaha huanza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi.

Nakumbuka fundi cherehani mmoja aliyepangiwa kuzibwa gego la chini mwishoni mwa Machi 2020. Hakuja. Alikuja Novemba, akiwa na pamba iliyolowa mafuta ya karafuu shavuni na mazoea mapya ya kutafunia upande mmoja, ambayo yalikuwa yamejaza ukoga wa manjano upande asioutumia. Tundu ambalo lingezibwa kwa nusu saa lilikuwa limebakiza kuta mbili za jino, nyembamba, na ile ya upande wa ulimi ilivunjika nilipoigusa kwa ncha ya kifaa. Tuling'oa. Kutibu mzizi kungewezekana miezi mitatu kabla, kwa gharama kubwa zaidi kuliko kuziba. Novemba hapakuwa na jino la kushikilia kofia ya kulifunika baada ya tiba hiyo.

## Kinachosubiri na kisichosubiri

5. Ni hali zipi ambazo hazipaswi kusubiri hata kidogo, janga liwepo lisiwepo?

Ya kwanza ni uvimbe unaopanuka. Uvimbe wa shavu ulioanzia jinoni ukashuka chini ya taya, sakafu ya kinywa ikawa ngumu na ulimi ukasukumwa juu, mgonjwa akashindwa kumeza mate yake au sauti ikabadilika kana kwamba ana kitu cha moto mdomoni, hapo njia ya hewa iko hatarini na mahali pa kwenda ni hospitali kubwa, usiku huohuo. Watu hufa kwa hali hii. Uvimbe unaofunga jicho nao uhesabiwe hivyohivyo, hasa ukiambatana na homa.

Damu isiyokoma baada ya kung'oa jino, licha ya kuuma kitambaa safi kwa nguvu kwa dakika 20 au 30 bila kukitoa kuchungulia, ni dharura. Taya lililovunjika ni dharura. Jino la utu uzima lililong'oka zima kwa ajali lina nafasi ya kupona likirudishwa mahali pake ndani ya muda mfupi, na kila dakika ina thamani: lishikwe upande wa kutafunia na si kwenye mzizi, lioshwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake au liwekwe ndani ya maziwa, na mgonjwa apelekwe kliniki mara moja. Jino la utoto lisirudishwe.

Kuna hali nyingine ambayo si ya usiku mmoja lakini ilisahaulika sana wakati wa janga, nayo ni kidonda au bonge kinywani lisilopona kwa wiki tatu, hasa kwa mtu anayevuta sigara, kutafuna tumbaku au kunywa pombe nyingi. Saratani ya kinywa haina maumivu mwanzoni. Kidonda cha namna hiyo kisiwekwe kwenye orodha ya mambo ya kusubiri.

6. Ni nini basi kinachoweza kuahirishwa bila madhara makubwa?

Kung'arisha meno, kubadilisha kizibo cha zamani ambacho bado kimeshika, kutengeneza meno ya bandia mapya wakati ya zamani bado yanatumika, uchunguzi wa kawaida wa mtu ambaye kinywa chake kilikuwa salama mara ya mwisho. Kusafisha fizi kunaweza kusubiri wiki kadhaa kwa mtu mwenye afya njema, lakini si kwa mgonjwa wa kisukari (tazama swali la 17). Neno la kuzingatia ni wiki. Kinachoahirishwa bila kupangiwa tarehe mpya kimefutwa, na mgonjwa aombe tarehe kabla hajakata simu.

7. Nimeambiwa nipige simu kwanza. Daktari ataonaje jino langu kwa simu?

Haoni jino, anaamua nani aje leo, nani kesho na nani apewe ushauri akiwa nyumbani. Maswali machache hutenganisha mengi. Maumivu yanayoamshwa na maji baridi na kukoma papo hapo ni tofauti na maumivu yanayopiga yenyewe usiku na kudumu saa nzima. Jino linalouma ukiligonga kwa kucha ni tofauti na fizi inayouma kila mahali. Atakuuliza kama unaweza kufungua mdomo upana wa vidole vitatu, kama unameza, kama una homa, unatumia dawa gani na una ugonjwa gani mwingine.

Picha husaidia ikipigwa vizuri. Kaa karibu na dirisha mchana, mtu mwingine ashike simu, vuta shavu kwa kijiko safi, washa taa ya simu. Picha tunazopokea nyingi ni za pua.

8. Nilipewa dawa tu, jino halikuguswa. Je, antibiotiki inaponya jino?

Haiponyi. Kiini kilichokufa hakina tena mishipa ya damu, na dawa husafiri kwa damu. Kwa hiyo antibiotiki hupunguza maambukizi yaliyosambaa kuzunguka jino, lakini chanzo hubaki pale pale ndani ya mzizi, kikisubiri vidonge viishe. Jino lenye usaha huponywa kwa kufunguliwa, kutolewa usaha, kutibiwa mzizi au kung'olewa. Jino linalouma bila uvimbe wala homa mara nyingi halihitaji antibiotiki kabisa.

Wakati milango ilipofungwa, kanuni hii ilipindishwa kwa lazima. England, ambako madaktari walielekezwa watoe ushauri, dawa za maumivu na antibiotiki kwa simu, antibiotiki zilizoandikwa na madaktari wa meno kati ya Aprili na Julai 2020 zilizidi zile za miezi hiyohiyo ya mwaka 2019 kwa asilimia 25, ingawa wagonjwa walioonwa walikuwa wachache zaidi. Kwetu, ambako amoksilini na metronidazo hununuliwa dukani bila cheti, wagonjwa waliandikiana wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyerudia dozi mara nne kwa jino moja ameyapa vimelea mafunzo manne ya kuizoea dawa.

9. Nikiwa nyumbani nikisubiri zamu yangu, nitumie nini kwa maumivu?

Parasetamoli kwa kipimo cha mtu mzima, isiyozidi vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, au ibuprofeni kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa hizo, au ujauzito. Katikati ya Machi 2020 ilienea hofu kwamba ibuprofeni huzidisha korona, baada ya waziri wa afya wa Ufaransa kuitahadharisha; siku chache baadaye WHO ilisema haishauri watu waiache. Hofu hiyo bado ninaisikia.

Maji ya uvuguvugu yenye chumvi husafisha na kutuliza fizi. Mafuta ya karafuu hutia ganzi kidogo, na tone moja kwenye pamba ndani ya tundu linatosha, kwani yakimwagika huunguza fizi. Kuweka kidonge cha aspirini juu ya fizi huacha kidonda cheupe chenye kuuma kuliko jino lenyewe. Petroli, maji ya betri na dawa za kuua wadudu, ambavyo vyote nimewahi kuvikuta vinywani mwa watu, visikaribie mdomo.

## Ndani ya chumba cha matibabu

10. Kwa nini miadi zilipungua na chumba kikawa kinakaa kitupu wakati watu wanasubiri nje?

Kwa sababu ya ukungu uliotajwa katika swali la 1. Mwanzoni mwongozo wa Uingereza ulitaka chumba kikae saa nzima bila mtu baada ya kazi yoyote iliyorusha ukungu, ili matone yatue, ndipo kifutwe na kuingizwa mgonjwa mwingine. Hebu tupige hesabu. Kliniki yenye kiti kimoja, inayofanya kazi saa 8 na kumpa kila mgonjwa nusu saa, huhudumia watu 16. Ikiongeza saa moja ya kusubiri kwa kila mmoja, huhudumia 5. Daktari ni yuleyule, kodi ya jengo ni ileile, na watu 11 wamerudishwa nyumbani.

Baadaye muda huo ulipunguzwa ukapimwa kwa kasi ambayo hewa ya chumba hubadilishwa, na vyumba vyenye hewa nzuri vikaruhusiwa dakika chache tu. Somo hilo lilizifaa kliniki zetu nyingi ambazo hazina mitambo ya hewa lakini zina madirisha mawili yanayotazamana. Jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya madirisha hayo yalikuwa yamezibwa kwa ajili ya kiyoyozi.

11. Je, kliniki ya meno ni mahali pa hatari ya kuambukizwa?

Ilihofiwa kuwa hatari kuliko ilivyothibitika. Utafiti uliofanyika Marekani mwezi Juni 2020 kwa madaktari wa meno zaidi ya 2,000 ulikuta walioambukizwa au kudhaniwa kuambukizwa hawafiki asilimia 1. Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, uliochapishwa mwaka 2021, ulichunguza matone yaliyotua usoni pa daktari, kwa msaidizi na kifuani pa mgonjwa, ukakuta kwamba vimelea vilivyomo vilitoka zaidi kwenye maji ya mashine kuliko kwenye mate. Maji mengi huyazimua mate, na kifyonzaji chenye nguvu kikishikwa karibu na jino hunasa sehemu kubwa ya ukungu kabla haujatoka mdomoni.

Kinga hiyo haikuzuliwa 2020. Kabla ya miaka ya 1980 madaktari wengi wa meno duniani walifanya kazi kwa mikono mitupu. Ni virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B vilivyoifanya glavu kuwa kawaida. Hatari kubwa zaidi kwa mgonjwa wa meno wakati wa korona, nijuavyo mimi, ilikuwa benchi la kusubiria, si kiti cha matibabu.

12. Kwa nini nilipewa dawa ya kusukutua kabla ya kufunguliwa mdomo?

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 au povidoni ayodini iliyozimuliwa hupunguza vimelea kwenye mate kwa muda mfupi. Ni hatua ya nyongeza isiyo na gharama kubwa, na haichukui nafasi ya barakoa wala dirisha. Mwenye mzio wa ayodini au matatizo ya tezi ya shingo aseme kabla hajapewa.

13. Daktari alikwangua jino kwa mkono badala ya mashine. Je, nilipewa huduma ya chini?

Hapana, na historia ya njia hiyo inatuhusu. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, wataalamu waliokuwa wakihudumia vijiji visivyo na umeme walianza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono pekee na kuziba kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe bila mashine ya mwanga. Njia hiyo ikajaribiwa Thailand na kwingineko, WHO ikaiunga mkono tarehe 7 Aprili 1994, na sasa hufundishwa katika vyuo vya nchi tajiri. Janga lilipofika na kila mtu akawa anatafuta namna ya kuziba jino bila kurusha ukungu, jibu lilikuwa limekwishatoka hapa.

Inavyofanyika ni hivi. Jino hutengwa kwa pamba ili mate yasiliguse. Kwa kifaa chenye ncha kama patasi ndogo, mdomo wa tundu hupanuliwa kidogo. Kisha kijiko kidogo chenye makali, upana wake haufiki punje ya mchele, huchota uozo laini kuanzia pembeni, na hutoka vipande vya kahawia vyenye unyevu, mfano wa mbao iliyoliwa na mchwa. Karibu na kiini daktari huacha tabaka lililo imara ili asikitoboe. Saruji huchanganywa, hujazwa, na kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini huikandamiza kwa sekunde kadhaa. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Vizibo vya upande mmoja wa jino hudumu miaka kwa njia hii. Vya pande mbili au tatu hushindwa mapema zaidi, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo.

Kwa watoto kuna pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa juu ya uozo na kuusimamisha, ila huacha doa jeusi la kudumu. Dawa hiyo, saruji iliyotajwa na dawa ya meno yenye floraidi viliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu.

14. Kwa nini bei zilipanda?

Vifaa vya kujikinga vililipiwa kwa kila mgonjwa, wagonjwa kwa siku walipungua kama ilivyoonyeshwa katika swali la 10, na katika miezi ya mwanzo sanduku la glavu liliuzwa kwa bei yoyote aliyoitaka mwenye duka. Mgonjwa ana haki ya kuuliza bei kabla ya kukaa kitini.

## Makundi yenye mahitaji ya pekee

15. Watoto wangu walikaa nyumbani miezi mingi. Je, meno yao yaliathirika?

Kuna sababu ya kuyachunguza. Mtoto wa shule hula kwa ratiba. Mtoto aliyeko nyumbani siku nzima hula biskuti, juisi na chai ya sukari kidogo kidogo, na meno huharibiwa zaidi na idadi ya mara ambazo sukari huingia kinywani kuliko wingi wake kwa siku. Shule za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na zikifungwa shule hufungwa pia mipango ya kuwafuata watoto madarasani na kuwapaka floraidi. Mpeleke mtoto akaonwe hata kama halalamiki, na msimamie kupiga mswaki hadi afikishe miaka saba au minane, kwani kabla ya hapo mkono wake haufiki magego ya nyuma.

16. Nina vyuma vya meno na sijakazwa kwa miezi. Nifanye nini?

Meno hayatarudi yalikotoka kwa sababu ya wiki chache, lakini vyuma visivyosimamiwa huozesha meno yanayovizunguka. Waya ukichoma shavu, ufunike kwa nta maalumu au kipande cha nta safi. Usiukate mwenyewe ndani ya mdomo, kwa sababu kipande humezwa au huvutwa kwenye njia ya hewa.

17. Mimi ni mgonjwa wa kisukari. Kwa nini nasisitiziwa zaidi kuliko wengine?

Fizi zilizovimba hupandisha sukari, na sukari iliyopanda huharibu fizi. Kila kimoja humlisha mwenzake. Mwaka 2021 India ilionyesha upande wa kutisha zaidi wa jambo hili, ambapo waliougua UVIKO-19, wengi wao wakiwa na kisukari na wakiwa wametibiwa kwa dawa za steroidi, walipata maambukizi ya kuvu yanayokula mfupa wa taya ya juu, sinasi (mianya ya hewa ndani ya mifupa ya uso) na jicho. Wagonjwa zaidi ya 40,000 waliripotiwa. Baadhi yao walianza kwa kulalamika meno ya juu kulegea na kaakaa kubadilika rangi. Mwenye kisukari anayeona meno kadhaa kulegea kwa pamoja, uso kufa ganzi au weusi kaakaani baada ya kuugua, aende hospitali siku hiyo.

18. Sina tundu lolote, lakini taya linauma kila asubuhi tangu janga lianze. Ni nini?

Huenda unasaga meno usingizini. Madaktari wengi wa meno waliripoti kuongezeka kwa wasagaji na kwa meno yaliyopasuka katika miaka ya 2020 na 2021, na si vigumu kuona sababu katika familia iliyokuwa na hofu ya ugonjwa, kazi na ada kwa wakati mmoja. Kinga ya plastiki inayovaliwa usiku hulinda meno, ingawa haiondoi kilichomkosesha mtu usingizi.

## Hali za pembeni

19. Nimeugua UVIKO-19 nikapona. Ni lini naweza kung'olewa jino?

Kwa ganzi ya kawaida, subiri hadi muda wa kuambukiza wengine upite na upate nafuu, isipokuwa una dharura ya swali la 5, ambapo utahudumiwa ukiwa mgonjwa kwa tahadhari zaidi. Upasuaji wa taya kwa usingizi wa dawa ni jambo jingine: utafiti wa kimataifa wa mwaka 2021 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 140,000 katika nchi 116 ulionyesha kwamba hatari ya kifo ilikuwa juu kwa waliopasuliwa kabla ya wiki 7 kupita tangu kuambukizwa, na ushauri ukawa kusubiri muda huo inapowezekana. Kama umeandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, usiziache mwenyewe, mweleze daktari.

20. Nimechanjwa juzi. Naweza kuziba jino?

Ndiyo. Ganzi ya meno haigongani na chanjo. Ukiwa na homa ya chanjo, sogeza siku moja au mbili kwa ajili ya starehe yako tu.

21. Je, kwa Ebola, Marburg na mpox taratibu ni zilezile?

Hapana, na kuchanganya magonjwa haya huleta ama hofu isiyo na sababu ama uzembe. Ebola na Marburg huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mwili ya mtu ambaye tayari anaumwa, kwa hiyo maswali ya mlangoni kuhusu homa, safari na kuhudhuria mazishi yana nguvu kubwa kuliko yalivyokuwa kwa korona. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende, Uganda, tarehe 20 Septemba 2022, na ule wa Marburg wa Kagera, Tanzania, uliotangazwa Machi 2023, lililokuwa muhimu kwa mhudumu wa meno wa maeneo hayo ni kukumbuka kwamba fizi zinazotoka damu pamoja na homa kali na udhaifu wa ghafla si kazi ya kukwangua ukoga. Mgonjwa kama huyo haguswi mdomo. Hutengwa kwa heshima na kupigiwa simu timu ya wilaya.

Mpox, ambayo WHO iliitangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024 baada ya kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kufika Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda, huweza kuanza kwa vidonda kinywani kabla ya vipele vya ngozi. Ukiwa na vidonda vipya kinywani pamoja na homa na tezi zilizovimba, sema kwenye simu kabla ya kuja.

22. Kliniki imefunguliwa na foleni ni ndefu. Nani huanza?

Wenye maumivu na uvimbe, kisha waliokatishwa katikati ya matibabu, kwa mfano mwenye jino lililofunguliwa na kuzibwa kwa dawa ya muda, ambayo haikukusudiwa kukaa miezi. Wanafuata watoto, wajawazito na wenye kisukari, ndipo uchunguzi wa kawaida. Kama umewekewa kizibo cha muda na hukurudi, usisubiri kuitwa: piga simu, taja jino gani na mwezi uliotibiwa, na useme wazi kwamba mzizi haujakamilika, kwa sababu kwenye daftari la miadi huenda unaonekana kuwa mtu aliyekwisha kuhudumiwa.